Mluzi wa Tabo

Wanachama wenzangu, na walimu wetu mnaosoma jarida hili mkiwa na kalamu nyekundu mkononi, salamu kutoka Acocks Green. Mhariri aliniomba niandike kuhusu maisha ya ughaibuni. Baridi na upweke vimekwisha kuandikwa na walionitangulia, tena vizuri kuliko ningeweza mimi. Kwa hiyo nitaandika kuhusu bomba la kuingizia hewa kwenye injini ya dizeli, na kuhusu maneno sita ambayo kila mmoja wetu anayajua, lakini si kwa maana waliyoyapa madereva wa malori.

Acocks Green ni kitongoji cha kusini-mashariki mwa jiji la Birmingham. Katikati yake, mahali wenyeji wanapopaita Village, barabara ya Warwick Road hukutana na nyingine kwenye mzunguko wenye maduka pande zote. Mabasi ya namba 11, yanayolizunguka jiji bila kuingia katikati, hupita hapo mchana kutwa. Jirani yetu ni Tyseley, penye karakana na maduka ya vipuri. Mgeni anayepita haraka ataona nyumba za matofali, kinyozi na duka la kuku wa kukaanga, aseme hapa hapana historia. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1930, Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kwa vita, kampuni ya Rover ilipewa kiwanda hapa cha kutengeneza sehemu za injini za ndege aina ya Bristol Hercules. Baada ya vita kiwanda kiligeukia injini nyingine, zikiwemo za Land Rover, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1948 huko Solihull, maili chache tu kutoka hapa. Wale wenzangu mliosoma shule za vijijini, ambako gari la mkaguzi lilisikika kabla halijaonekana, jueni kwamba ile ngurumo ina asili yake katika mitaa hii.

Mimi naishi kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Ana miaka 67. Alianza kazi akiwa utingo, akapanda akawa dereva, na kwa miaka mingi aliendesha Skania kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Siku hizi ana pikapu ya Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996. Kwayo hubeba magunia ya unga, mikungu ya ndizi, viti na masufuria ya sherehe, na mizigo ya watu inayokwenda kwenye makontena ya nyumbani. Injini yake ni ile iitwayo 300Tdi: silinda nne, ujazo wa karibu lita mbili na nusu, nguvu za farasi 111. Kwa Skania hiyo ni pikipiki, husema Mjomba. Lakini ina tabo, na mtu aliyezoea tabo hawezi kuiacha.

Kwa wasiojua, niieleze kwa ufupi. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu ambayo zamani ilipotea bure kwenye ekzosi. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kuitumia nguvu hiyo. Moshi unazungusha gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa ekseli fupi na gurudumu la pili. Hilo la pili linavuta hewa kupitia chujio, linaisindilia na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi inaungua vizuri, na gari linapata nguvu. Magurudumu hayo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hapo ndipo unapotoka ule mluzi unaousikia lori linapopanda mlima.

Sasa maneno sita. Mjomba alinifundisha siku ya kwanza tu nilipopanda pikapu yake, kama mwalimu wa chuo anavyotoa istilahi kabla ya mhadhara. Pumzi ni sauti ya hewa inayoingia kwenye chujio. Mluzi ni tabo yenye afya inapopanda kasi. Chafya ni ule mkupuo wa hewa unaorudi nyuma dereva anapoachia mafuta ghafla. Nyoka ni hewa inayovuja kwenye mpira uliopasuka baada ya tabo. Saa ni tik-tik-tik ya moshi unaopenya kwenye gasketi ya ekzosi. King'ora ni mlio unaopanda na kushuka kama gari la zimamoto; maana yake beringi za tabo zimekwisha na mapezi yanakaribia kugusa nyumba yake. "Ukisikia king'ora," aliniambia, "simama hapo hapo ulipo, hata kama ni kwenye kona za Kitonga."

Wanaoifahamu barabara ya Iringa wanaufahamu mlima Kitonga. Lori lenye tani thelathini halipandi pale kwa ubabe. Dereva hukaa akisikiliza. Mluzi ukiwa umekaza, injini imeshiba hewa, na gia iliyopo inatosha. Mluzi ukianza kulegea, lazima ashuke gia kabla lori halijapoteza mwendo, kwa sababu mwendo ukipotea pale haurudi. Saa zilizo kwenye dashibodi humpa habari hiyo akiwa amechelewa. Sikio humpa mapema. Mjomba na wenzake waliishi kwa masikio, na walio hai hadi leo wanakiri hivyo.

Novemba iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Solihull na shehena ya viti. Mimi nikasikia nyoka. Sauti ilikuwa wazi kabisa: ssss, kila alipokanyaga mafuta. Nilidhani naye ameisikia na ameamua kuvumilia hadi nyumbani, maana yeye ndiye mwalimu. Gari likawa zito. Nyuma yetu moshi mweusi. Nikasema, "Mjomba, linafuka." Akajibu, "Linashuka wapi? Hapa tambarare." Nikarudia. Safari hii akasikia neno la tatu kabisa: "Suka? Ndiyo, mimi ndiye suka!" Akacheka, kwa sababu vijana wa mjini humwita dereva hivyo.

Wanaisimu wenzangu mtakuwa mmekwisha kuiona jozi hiyo: fuka, shuka, suka. Irabu ni zile zile. Kinachoyatenganisha ni konsonanti moja ya mkwaruzo, /f/, /ʃ/ na /s/, na sauti hizo tatu hubeba sehemu kubwa ya utambulisho wake katika mitetemo ya juu. Uzee unapoanza kula sikio, huanzia huko juu. Mtu anaendelea kusikia irabu, anasikia kwamba unaongea, lakini fumbua na sumbua humfikia kama neno moja. Mkewe, ambaye mimi namwita Anti, alikuwa ameliona jambo hilo muda mrefu. Aliposema aende kupima, Mjomba alisema televisheni za siku hizi zina spika mbovu. Anti akamrushia methali: "Sikio la kufa halisikii dawa." Naye, bila kukosa, akajibu kwa nyingine: "Sikio halizidi kichwa."

Tulibadilisha ule mpira uliopasuka, kazi ya nusu saa na spana moja. Lakini Mjomba hakutulia. Kwa siku kadhaa alikaa kimya mezani. Halafu akatoa hoja yake: kosa ni la gari. Chujio la Defender limefungiwa ndani ya kopo la chuma, kopo liko chini ya boneti, na mdomo wa kuvutia hewa uko pembeni mwa bawa la gari, mbali na dereva. Skania ilikuwa inamsemesha, Defender inanong'ona. Basi tuibadilishe njia ya hewa ili tabo isikike.

Nikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na nusu ya ukweli, na ndiyo maana nilikubali kumsaidia. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Tuseme gurudumu la kuvuta hewa lina mapezi 12 na linazunguka mara 60,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 1,000 kwa sekunde. Kila pezi linapopita hukata hewa, kwa hiyo tunapata mitetemo 12,000 kwa sekunde. Sikio changa husikia hadi kama 20,000. Sikio la mzee aliyekaa miaka juu ya injini ya lori huishia chini sana ya hapo. Huo ndio mluzi wenyewe, na hakuna bomba duniani litakaloushusha, kwa sababu kimo chake kinaamuliwa na kasi ya gurudumu. Lakini chini ya mluzi kuna sauti nyingine: ule mzunguko mmoja mmoja wa gurudumu, mitetemo 1,000 kwa sekunde, na chini zaidi mvumo wa hewa yenyewe ikipita kwenye njia. Hizo Mjomba bado alikuwa nazo. Kama zingesogezwa karibu na sikio lake, angepata habari ileile kwa mlango mwingine.

Tulikwenda Tyseley kutafuta ushauri. Kijana mmoja kwenye karakana alitushauri tung'oe kopo lote, tufunge chujio la wazi lenye umbo la pia, lile la vijana wa magari ya mashindano. Alituchezea video. Sauti ilikuwa kubwa kweli, mluzi mtaa mzima. Mjomba alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hiyo ni kelele," akaniambia kwa Kiswahili. "Mimi natafuta habari." Alikuwa na sababu za ufundi pia. Chujio la wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto iliyozunguka injini, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo nguvu hupungua. Likiwa hafifu hupitisha vumbi, na vumbi kwa mapezi yanayozunguka kwa kasi ile ni msasa. Dereva wa Tunduma hahitaji kuelezwa habari za vumbi.

Tulichochagua kinajulikana na kila aliyewahi kuona magari ya mbugani: lile bomba refu linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Kazi yake ya asili ni kuinua mdomo wa hewa juu ya maji na vumbi. Lakini kwenye Defender yetu lina faida ya pili isiyoandikwa kwenye boksi. Mdomo wa hewa wa injini uko kwenye bawa la kulia, na Uingereza dereva hukaa kulia. Kwa hiyo bomba linapandisha sauti ya hewa kutoka kwenye chujio na kuiweka karibu na dirisha la dereva, chini kidogo ya sikio lake. Chujio linabaki palepale, kwenye kopo lake. Chujio na bomba huzimeza sauti za juu na kuziacha za chini, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa hasara.

Kazi ilituchukua Jumamosi mbili mbele ya nyumba, mvua ya Birmingham ikija na kuondoka kama mkaguzi. Tulitoa kile kidirisha cha nyavu kwenye bawa, tukafunga kiungo cha bomba, tukatoboa fremu ya kioo kwa kekee na kufunga kishikizo. Muda mwingi uliishia kwenye viungo. Kila kiungo Mjomba alikipaka silikoni, akakiacha kikauke, akakikagua kwa kidole, akapaka tena. Kiungo kimoja kikivuja kabla ya chujio, maji yataingia. Kikivuja baada ya chujio, vumbi litaingia na tabo itakufa polepole. Ekzosi hatukuigusa. Kanuni za Uingereza za mwaka 1986 za ujenzi na matumizi ya magari zinakataza kubadili silensa ili kuongeza sauti, na majirani wetu wana watoto wachanga. Bima tuliipigia simu na kuiarifu, kwa sababu hapa badiliko lisilotajwa linaweza kukugeukia siku ya ajali.

Kabla ya kufunga bomba, nilimwomba Mjomba tufanye jaribio. Nilimwambia ni kwa ajili ya makala ya chama, na hiyo ilikuwa kweli. Tulipitia barabara za pembeni, nje ya eneo la hewa safi la katikati ya jiji, ambalo tangu Juni 2021 hutoza gari kama letu pauni 8 kwa siku, tukaenda hadi Lickey Hills, vilima vya kusini-magharibi. Mjomba aliviangalia akauliza kama huo ndio mlima wenyewe. Tulipanda mara kumi, gia ya tatu, vioo vimefungwa. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye safu sita, na kila tulipofika juu tulisimama tukaweka alama: umesikia nini. Hatukuoneshana. Wiki mbili baadaye, bomba likiwa limefungwa, tukarudia vilevile.

Mezani jioni ile tuliziweka karatasi nne. Kwenye safu ya pumzi, Mjomba alikuwa na alama mbili kabla ya bomba na kumi baada yake. Alifurahi kama mtoto. Chafya, alama nne, kisha tisa. Saa, nyoka na king'ora zilikuwa tupu kwa wote wawili, na hiyo ni heri, maana gari lilikuwa zima. Ikabaki safu ya mluzi. Mimi nilikuwa na kumi na kumi. Yeye alikuwa hana hata moja, si kabla wala si baada.

Sikusema kitu. Anti naye, kwa rehema isiyo ya kawaida, hakutoa methali. Mjomba aliigeuza karatasi akaangalia nyuma, kana kwamba alama zimeandikwa upande wa pili. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Zote kumi, wewe ulisikia?" Nikasema ndiyo. "Ulikuwaje?" Nikajaribu kumpigia kwa mdomo, nikiuanzia chini na kuupandisha mpaka nikaishiwa pumzi. Akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo huo," akasema. "Ndiyo huo huo. Nilidhani wa hili gari haulii."

Aliyempeleka Mjomba kupima ni safu moja tupu, katika mwandiko wake mwenyewe, kwenye lugha aliyoitunga yeye na wenzake barabarani. Chati ya daktari ingemwambia kwamba amepungukiwa na desibeli kadhaa kwenye mitetemo fulani, naye angeikunja akaitia mfukoni. Karatasi yetu ilimwambia kwamba kwenye Kitonga ya leo asingejua lini ashuke gia.

Mwezi Machi alipewa vifaa viwili vya masikio, ambavyo huduma ya afya ya taifa hapa, NHS, humwazima mgonjwa bila malipo. Siku za kwanza alilalamika kwamba mifuko ya plastiki inapiga makelele na kwamba Anti anaongea kwa ukali. Anti alisema hajabadilika hata kidogo. Lakini fuka na shuka zimetengana tena. Na mluzi? Vifaa hivyo havifiki juu kabisa. Tabo inapoanza kuzunguka, mluzi ungali chini, anausikia. Ikizidi kasi, unapanda na kumpotea kama ndege anayeingia mawinguni, na hapo pumzi ya bomba inaupokea. Amejifunza kuziunganisha sauti hizo mbili kuwa moja. Ameipa hiyo sauti ya kuunganisha jina jipya, la saba: kijiti, kama kile cha mbio za kupokezana.

Wenzangu, ombi langu ni dogo. Chama chetu kimekusanya vitendawili, misemo ya kanga na majina ya samaki. Hatujakusanya maneno ya mafundi wanaosikiliza. Nendeni Gerezani, nendeni Kirinyaga Road kule Nairobi, nendeni Katwe kule Kampala. Muulizeni fundi anaiitaje sauti ya beringi iliyokufa, ya chujio lililoziba, ya mkanda ulioteleza, na sauti hiyo humwambia afanye nini. Andikeni neno, andikeni mlio kwa tanakali yake, andikeni maana. Na pembeni mwandike umri wa msemaji. Fundi mzee anaweza kuwa na neno la sauti ambayo yeye mwenyewe haisikii tena, na asijue mpaka mtu amwoneshe karatasi.